Siku Mama Aliposoma Muhtasari wa Kijiji

Jirani yangu hapa Tabora mjini anasumbuliwa na kifua, na juzi alikuwa anachemsha magome ya mti aliyoletewa kutoka porini. Jiko lake na dirisha langu vinatazamana. Mimi nilikuwa napepeta mchele. Ile harufu ilipoingia ndani, nzito na kali, kama ya ngozi iliyolowekwa siku nyingi, niliweka ungo chini nikasimama tu katikati ya chumba. Sikuwaza kifua cha mtu wala dawa. Nilimwona mama yangu ameinama juu ya vyungu vilivyotoka motoni dakika ile, ameshika fungu la majani, analichovya kwenye maji ya magome na kuvinyunyizia. Vyungu vinalia chwaa, mvuke unampanda usoni, naye anafumba jicho moja tu. Lile jingine aliliacha wazi lisimamie kazi.

"Wewe mama, unaumwa?" jirani akaniuliza kutoka ng'ambo.

Nikamwambia hapana, nimekumbuka nyumbani. Alicheka akarudi kwenye sufuria yake. Basi acha niwasimulie ninyi.

Mama yangu anaitwa Milembe. Ni mfinyanzi, na mama yake alikuwa mfinyanzi, na bibi yake, kurudi nyuma mpaka zile siku za wapagazi. Kijiji chetu, Mbuga Ndogo, kiko upande wa Kwihara, na njia ya zamani ya misafara inapita nyuma ya shamba letu la karanga. Siku hizi ni kijia cha baiskeli na mbuzi, lakini ukilima kando yake jembe haliendi hatua tano bila kugonga kigae. Vigae hivyo mama alitutuma tumwokotee. Alivitwanga kwenye kinu kikuukuu, akachekecha, akauchanganya ule unga na udongo mbichi ili chungu kisipasuke motoni. Alituambia kwamba bibi zake waliwauzia wapagazi vyungu vya kupikia safarini, na vile vilivyovunjika njiani ndivyo hivi vinavyorudi nyumbani. Kwa hiyo nikiwa mdogo niliamini kwamba kila chungu chetu kina chungu kingine cha zamani ndani yake. Na kwa kweli kilikuwa nacho.

Udongo wenyewe ulitoka mbugani, chini ya kisima, mweusi na wenye kunata, wa kuvua mtu kandambili. Kila mfinyanzi wa kijiji alikuwa na shimo lake pale. Hapakuwa na uzio, wala sikuwahi kusikia wanawake wawili wakigombania shimo. Mama aliuonja udongo kabla ya kuuchukua. Alikata kipande, akakitafuna kidogo kwa meno ya mbele, akatema, akasema "huu" au "siyo huu". Ule wenye mchanga mwingi alimwachia Mama Tatu, mwenzake wa siku zote, mjane mnene mwenye vicheko vingi, ambaye alisema yeye hana meno ya kubagua.

Mama alijua udongo, alijua moto, alijua kwa kugonga kwa kucha kama chungu kimeiva au kinadanganya. Kusoma hakujua. Alikulia kwa bibi yake, na bibi huyo aliona shule ni mahali pa kupelekea watoto wasio na kazi. Mimi jambo hili lilinikera kuliko ninavyopenda kukiri. Kwenye mikutano ya wazazi, daftari la mahudhurio lilipofika kwetu, mama alinisogezea na kusema kwa sauti ya kusikika, "Niandikie, Kabula, mikono yangu ina udongo." Nami nilijua kwamba alikuwa amenawa kwa sabuni asubuhi ile, tena mara mbili. Niliandika haraka huku masikio yanawaka.

Nilikuwa darasa la tano, kiangazi, siku tulipokwenda mbugani tukakuta vigingi. Vilikuwa vimechomekwa kuzunguka mashimo yote, vichwa vyake vimepakwa rangi nyekundu iliyokuwa haijakauka vizuri. Mama alitembea kutoka kigingi hadi kigingi akivigusa kimoja kimoja. Halafu akaniambia tuache majembe pale pale, twende ofisi ya kijiji.

Ofisini alikuwepo Mtendaji wa kijiji, kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka mbali, mwenye shati lililopigwa pasi kuliko shati lolote nililowahi kuliona. Kwenye benchi pembeni alikaa Mwenyekiti, Mzee Maganga, anakunywa uji kwa bakuli. Mzee Maganga alikuwa mwenyekiti tangu kabla sijazaliwa. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili na sauti, na alijua jina la kila mtoto wa kijiji pamoja na mbwa wao. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba kwa jina langu lote.

"Nimekuja kuuliza vile vigingi vya mbugani," mama akasema.

"Ni mambo ya mradi wa maji, mama," Mtendaji akajibu bila kuinua macho. "Yameandikwa yote humu." Akaligonga faili la bluu kwa kiganja.

"Yameandikwaje?"

Mtendaji akacheka kidogo. "Hata nikikupa utalifanyia nini? Nenda kafinyange, mama."

Mama akamgeukia Mzee Maganga. Mzee alifuta uji kwenye masharubu, akasema kwa upole, kama mtu anayembembeleza mgonjwa, "Milembe, mambo ya ofisi yana wenyewe."

Tulirudi, ndoo tupu inanigonga magoti, mpaka tulipofika kisimani. Pale akasimama.

"Kabula, ninyi shuleni mlianzia wapi?"

"Kuanzia wapi nini, mama?"

"Kusoma. Mlianzia wapi?"

Tulianzia jioni ile ile, kabla jua halijazama, nyuma ya jiko. Mama hakutaka daftari. Alisema daftari lina kiburi, ukikosea linakuonyesha kosa lako mpaka kesho yake. Alichukua bonge la udongo, akalisawazisha juu ya ubao mpaka likawa kama chapati kubwa, akanipa kijiti. Niliandika a, e, i, o, u. Yeye akapitisha kidole ndani ya kila herufi, taratibu, kana kwamba anaipima kina. Kisha akazifuta kwa maji na kuziandika mwenyewe. Ile ya kwanza aliyoipenda ilikuwa o, kwa sababu ni mdomo wa chungu. Akaniuliza kwa nini walimu hawasemi hivyo.

Kwa majuma mengi nikawa mwalimu, na nawaambieni nilikuwa mwalimu mbaya. Nilikuwa mkali. Nilimwambia "tena!" kwa ile sauti ya mwalimu wetu wa Kiswahili. Nilipiga ubao kwa kijiti. Mama Tatu na wafinyanzi wengine, waliokuwa wakija kukaa kivulini na kazi zao, walikuwa wanacheka mpaka machozi, na mama naye alicheka, akarudia tena. Wala siku moja hakuniambia nichunge mdomo wangu. Tulipofika kwenye dh, nilimweleza aweke ulimi katikati ya meno. Akajaribu, akatema mate, wanawake wakaangua kicheko. "Sisi hatuna meno ya herufi hiyo," Mama Tatu akasema. "Mwandikie z." Nami nilikata tamaa nikaivuka, maana hata mimi mwenyewe, nikiwa mtoto wa Kinyamwezi, nilikuwa nasema zambi na zahabu.

Siku moja Mama Tatu alichukua mtungi mbichi bila kuangalia, akaupanga na vyungu vingine motoni. Ulitoka umeiva vizuri, mwekundu wa kupendeza, na shingoni umezungushiwa ba be bi bo bu za mazoezi ya mama. Walitaka kuuvunja. Mama akakataa, akaupeleka mnadani pamoja na mingine, na ulinunuliwa wa kwanza na bibi mmoja wa Kiislamu kutoka mjini aliyedhani ni maneno ya baraka. Hakuna aliyemsahihisha.

Mwanzoni mama alitaka kulisoma lile faili tu, basi. Uchaguzi wa kijiji ulikuwa unakaribia, na ni Mama Tatu aliyesema, huku anakwangua chungu kwa kipande cha kibuyu, "Wewe unahangaika na faili. Faili linakaa kwa mwenyekiti. Chukua kiti, faili litakufuata lenyewe."

Wote walicheka. Mama hakucheka. Aliendelea kusugua tumbo la chungu kwa jiwe lake laini, muda mrefu, mpaka kikang'aa.

Baba aliporudi kutoka Ipole na asali yake, maana alikuwa mrina asali na kiangazi kilimkuta msituni kila mwaka, alikuta mama ameshachukua fomu. Alisikiliza habari yote huku analamba kisu. "Sasa wewe ukiwa Mwenyekiti," akauliza, "mimi nitakuwa nani? Mama Mwenyekiti?" Tukacheka sote. Kesho yake nilimwona anazunguka nyumba kwa nyumba na chupa ya asali, anawasalimia watu ambao kwa kawaida huwasalimia kwa mbali.

Basi likaja pingamizi. Lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi, na mama alilisoma mwenyewe, mimi nikiwa pembeni nimeuma mdomo nisimsaidie. Lilimchukua muda kama wa kuchemsha maharage. Lilisema kwamba mgombea Milembe Kashindye hana sifa, kwa kuwa sheria inataka mgombea ajue kusoma na kuandika, na kijiji kizima kinafahamu kwamba hajui. Aliyeweka pingamizi ni mgombea mwenzake, Mzee Maganga.

Msimamizi wa uchaguzi alikuja Jumamosi asubuhi kutoka makao makuu ya kata, kwa pikipiki, mtu mwembamba mwenye miwani na adabu nyingi. Meza iliwekwa barazani pa ofisi. Kijiji chote kilikuwepo, wengine wamepanda kwenye ukuta wa ghala ili waone. Nilivaa sare ya shule ingawa haikuwa siku ya shule. Mama Tatu alinishika bega, na vidole vyake viliniuma, lakini sikuthubutu kumwambia.

Mama alivaa kitenge chake cha kanisani. Alimwamkia Msimamizi, akamwamkia Mzee Maganga kwa heshima kama siku zote, akakaa.

Msimamizi alitoa kitabu cha hadithi cha darasa la pili. "Mama, tafadhali tusomee ukurasa mmoja."

"Hapana, hapana, mheshimiwa," Mzee Maganga akainuka. "Hicho mtoto wake anacho. Ameshakariri. Huyu binti hapa," akaninyooshea kidole, "amekuwa anamkaririsha nyuma ya jiko, kijiji kizima kimeona. Mpe kitu ambacho hajakiona."

Watu wakanung'unika, wengine wakakubali. Msimamizi akauliza asome nini basi. Mzee Maganga akageuka, akanyoosha mkono wake mrefu kupitia dirisha la ofisi hadi kwenye rafu, akalivuta faili la bluu, akafungua na kuchomoa karatasi moja.

"Si hiyo, Mwenyekiti," Mtendaji akasema haraka. Alikuwa amesimama mlangoni na akasogea hatua mbili. "Chukua nyingine. Chukua ile barua ya chanjo."

"Kwa nini? Ni rahisi?" Mzee Maganga akauliza.

"Si hivyo, ila hiyo..."

"Unamhurumia!" Mzee akawageukia watu, akacheka kwa sauti yake kubwa. "Mtendaji anamhurumia! Hii hii." Na akaiweka mbele ya mama.

Mimi nilijua tumekwisha. Karatasi ilikuwa imepigwa chapa, herufi ndogo ndogo, zimebanana. Mama aliivuta karibu, akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza. Kidole kilitembea. Kikafika mwisho wa mstari, kikarudi, kikaanza wa pili. Midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti. Mtu mmoja ukutani akakohoa kwa makusudi. Nyuma yangu kijana mmoja akasema, "Anasali," na wenzake wakacheka. Nilianza kulia, na nilikuwa nalia kwa hasira: nilijiona mwalimu aliyemleta mwanafunzi wake kwenye mtihani kabla ya wakati.

"Mama," Msimamizi akasema taratibu, "kama huwezi, si vibaya."

Mama akainua uso. Alimtazama Mtendaji, akamtazama Mzee Maganga, kwa muda mrefu kidogo. Halafu akarudisha kidole juu kabisa ya karatasi akaanza.

"Mu-hta-sa-ri. Muhtasari. Wa... ki-ka-o... cha... ha-lma-sha-u-ri... ya ki-ji-ji."

Alisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, jiwe kwa jiwe. Kila neno alilikata vipande, kisha akalirudia zima, na kwa hiyo kila mtu, hata wazee wenye masikio mazito, alilisikia mara mbili.

"M-ku-ta-no... mkutano... mkuu wa kijiji... u-li-ka-a... ulikaa. Na... ku-ri..."

Akasimama. Niliiona kutoka nilipokuwa, au nilidhani naiona: dh, herufi niliyoivuka kwa uvivu wangu. Mama alitazama angani kidogo, akatazama tena chini.

"Ku-ri-zi-a," akasema. "Kurizia. Kwa kauli moja."

Msimamizi akatikisa kichwa kukubali. Hata yeye alikuwa wa huku huku kwetu.

"Kwamba... e-ne-o... eneo la mbuga ya u-do-ngo... ku-a-nzi-a ki-si-ma-ni... hadi barabara ya za-ma-ni... li-to-le-we... litolewe... kwa mwe-ke-za-ji..."

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Nilisikia kuku wakikwaruza nyuma ya ofisi.

"Mkutano mkuu upi huo?" mzee mmoja akauliza kutoka ukutani.

"Tulikaa lini sisi?" akadakia mwanamke mwingine.

"Mama, umeshasoma," Msimamizi akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Inatosha. Nimeridhika kwamba unajua."

"Sijafika mwisho," mama akasema.

Na akaendelea. Alisoma ta-nu-ri za ma-to-fa-li. Alisoma wafinyanzi wa-ta-ta-fu-ti-wa eneo lingine. Hakuruka hata nukta. Watu walikuwa wameshasogea mpaka meza ikawa imezungukwa, na Mtendaji, aliyekuwa mlangoni, hakuwa tena mlangoni. Mama akafika chini kabisa.

"I-me-sa-i-ni-wa," akasoma. "M. Maganga. Mwenyekiti."

Nilimtazama Mzee Maganga. Mdomo wake ulikuwa wazi. Mkono wake mmoja ulikuwa bado umenyooka kuelekea karatasi, kama unataka kuirudisha. Nilipokuwa mtoto nilikuwa na neno moja tu la sura ile. Nilisema: mwizi amekamatwa.

Mama hakumwambia kitu. Aliikunja karatasi mara moja, akamkabidhi Msimamizi kwa mikono miwili, akasema, "Asante, mheshimiwa. Nimemaliza." Mama Tatu ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza, sikioni mwangu kabisa, na nadhani sikio lile halijawahi kupona vizuri.

Mengine yalikwenda haraka. Pingamizi lilitupwa. Ile karatasi ilipelekwa wilayani, watu wakaja, wakauliza maswali, na Mtendaji akaondolewa kwetu. Vigingi waliving'oa wafinyanzi wenyewe, na Mama Tatu alivichomea vyungu. Siku ya kupiga kura niliwaona wanawake waliokuwa wakikaa nyuma ya jiko letu wakiingia mmoja mmoja chumba cha darasa, wamevaa kama wanakwenda harusini. Mama alishinda, na kwa tofauti kubwa.

Aliongoza kijiji vipindi viwili. Alikuwa mwenyekiti wa taabu kwa maafisa, kwa sababu hakusaini chochote ambacho hajakisoma mwenyewe, kwa kidole, mpaka mwisho, na wao wamekaa kwenye benchi wanatazama saa. Kila karatasi ya kijiji aliisoma kwa sauti kwenye mkutano kabla ya kuipitisha. Mikutano ikawa mirefu. Watu walilalamika, kisha wakazoea, kisha wakaanza kuja na kazi zao za mikono. Na asubuhi, kabla ya ofisi, bado mikono yake ilikuwa kwenye udongo.

Mimi nilikua na hadithi hii kama medali. Niliisimulia bwenini sekondari, niliisimulia chuoni, nilimsimulia mume wangu kabla hajawa mume wangu. Kila mara Mzee Maganga alikuwa mwizi, na kila mara nilimwigiza ule mdomo wazi, watu wakacheka.

Mwaka jana Mzee Maganga akafariki. Alikuwa mzee sana, ametulia, na katika vipindi vyote viwili vya mama alihudhuria mikutano na kukaa mstari wa mbele. Nilikwenda kijijini kwa ajili ya maziko. Tulipofika nyumbani kwa marehemu, wanawe wawili wakamfuata mama, wakamwamkia, wakamwomba asome wasifu wa baba yao.

"Mna mchungaji, mna walimu," mama akasema.

"Ni yeye mwenyewe aliyesema," mkubwa akajibu. "Alisema asome Mama Kabula."

Mama akasimama kando ya jeneza na ile karatasi. Sasa ana miwani, lakini kidole bado kinatembea. Alisoma jina, alisoma wazazi, alisoma watoto na wajukuu. Alipofika kwenye elimu alisimama, nukta moja tu, halafu akasoma mstari ule kwa sauti ya juu kuliko mingine, moja kwa moja, bila kukata neno: "Marehemu alihitimu elimu ya msingi." Akawatazama wanawe waliokaa mbele, kisha akaendelea na utumishi wake kwa kijiji.

Tulirudi kwa miguu, mimi na yeye, kwa kile kijia cha zamani. Nikamwambia maneno ya mtu anayetaka kuonyesha kwamba ana huruma. "Mungu amsamehe. Ila mama, mpaka leo sielewi. Mtu anaiba mbuga, halafu anachomoa mwenyewe karatasi ya wizi wake na kumpa mpinzani aisome?"

Mama alitembea hatua kadhaa.

"Aliichomoa bila kuitazama, Kabula. Hukuona? Mtu anayejua kusoma, karatasi ikipita mbele yake, jicho linakwenda lenyewe. Lako linakwenda. Langu siku hizi linakwenda, hata kwenye gazeti lililofungia maandazi. Lake halikwenda."

Nilisimama. Yeye hakusimama, ikabidi nimkimbilie.

"Lakini alikuwa anasaini!"

"Jina lake alijua kuliandika. Jina linakaririka, kama urembo wa chungu. Yule kijana alimwambia ni mambo ya maji, kama alivyoniambia mimi."

"Na wewe ulijua siku ile ile?"

"Nilipoinua uso. Nilikuwa nimemaliza kusoma yote kimoyomoyo, nikataka kuwaona wanaonekanaje. Mtendaji alikuwa anatoka jasho. Mzee Maganga alikuwa anatabasamu." Akampisha mbuzi njiani. "Nikasema moyoni, mayo, mama wee, huyu hajui kilichoandikwa."

"Mbona hukusema pale pale? Alikuwekea pingamizi kwa kukosa kitu ambacho hata yeye hana!"

"Nilikuwa nagombea uenyekiti," mama akasema. "Sikuwa nagombea kumvua mtu nguo mbele ya wajukuu zake."

Miaka yote ile nilikuwa nimejivunia kwamba mama yangu alisoma karatasi mbele ya kijiji, na zaidi kidogo, kusema kweli, kwamba ni mimi niliyemfundisha. Kumbe wakati mimi nalia kwa ajili ya herufi moja, yeye alikuwa anasoma vitu viwili, karatasi na mtu, na cha pili alikielewa akakifunika. Nilimwelewa pia Mzee Maganga, kwa kuchelewa. Alijua mahali pa kumpiga mama kwa sababu ndipo palipomuuma yeye mwenyewe, na ile sura niliyoiigiza bwenini ilikuwa ya mtu anayesikia kwa mara ya kwanza alichokisaini, tena kutoka kinywani mwa mwanamke aliyejifunza kusoma miezi michache tu kabla. Na bado akaja kukaa mstari wa mbele, kila mkutano, kusikiliza karatasi zikisomwa.

Tulikuwa tumekaribia nyumbani nilipouliza tena.

"Na mstari wa leo, mama? Wa elimu ya msingi?"

Mama alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kitenge.

"Niliusoma kama ulivyoandikwa," akasema. "Na niliusoma vizuri."